Habari za Nyumba ya Mawe ya Fourah Bay

Kila aliyefika Unguja akaingia katika kanisa kubwa la Mkunazini ameambiwa ya kuwa limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka uleule. Mgeni husimama kimya kidogo, akaitazama sakafu, kisha hutoka nje juani akijua ya kuwa amekanyaga mahali pazito. Lakini ni wachache katika sisi wajuao ya kuwa katika pwani ya pili ya Afrika, upande wa machweo, iko nyumba yenye habari za namna hiyohiyo, nayo ilitangulia ile ya Mkunazini kwa miaka karibu 30. Nayo si kanisa, bali ni chuo. Ni nyumba ya mawe ya Fourah Bay, katika mji wa Freetown, nchi ya Sierra Leone.

Nataka kueleza mambo mawili: nyumba hii ilijengwa kwa vitu gani, na ni kitu gani kilichotoka ndani yake. Maana mambo haya mawili hayakupata mwisho mmoja, na katika tofauti ya mwisho wao sisi waalimu tuna jambo la kujifunza.

Kwanza msomaji asidhani ya kuwa elimu ya juu ilianza Afrika ya Magharibi siku ile Wazungu walipofika. Msikiti wa Sankore katika mji wa Timbuktu ulikuwa makao ya wanachuoni karne nyingi kabla ya hapo. Lakini kwa elimu ya namna ya Ulaya, Fourah Bay ndicho chuo cha kwanza katika pwani ile yote. Leo chuo hicho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sierra Leone, nacho kiko juu ya mlima Aureol, mahali penye upepo mzuri. Nyumba yake ya zamani ilibaki chini, karibu na bahari, katika mtaa uitwao Cline Town. Na jina la mtaa huo lenyewe ni ukumbusho, maana ni jina la Emmanuel Cline, Mhausa aliyekombolewa utumwani, akapata mali, akanunua ardhi pale.

Mji wa Freetown, maana yake Mji Huru, ulianzishwa mwaka 1792 na watu weusi waliotoka Nova Scotia, katika Amerika ya Kaskazini, waliokuwa wamepata uhuru wao wakati wa vita vya Marekani. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilikataza biashara ya watumwa, na mwaka uliofuata Sierra Leone ikawa koloni la mfalme. Tangu hapo manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka baharini na kukamata merikebu zenye watumwa, na nyingi katika hizo zililetwa Freetown. Baraza lilikaa kuzihukumu. Ikithibitika ya kuwa merikebu ilikuwa katika biashara ile, watu waliomo waliteremshwa, wakaandikwa majina yao katika daftari, wakaachiwa huru. Na merikebu yenyewe ikanadiwa.

Lakini hila ya mwanadamu haina mwisho. Ilionekana ya kuwa merikebu kadha wa kadha zilizonunuliwa mnadani zilirudi katika kazi yake ya kwanza, zikakamatwa mara ya pili na watumwa wengine ndani yake. Ndipo Waingereza na Wahispania walipofanya mapatano mwaka 1835, ya kuwa merikebu itakayohukumiwa ipasuliwe vipande vipande. Msomaji na alishike neno hili, maana mbele kidogo tutaziona tena mbao zake.

Watu walioteremshwa Freetown walikuwa makumi ya maelfu. Walio wengi hawakuweza kurudi kwao, maana njia ya kurudi ilipita kwa watu walewale waliowauza. Wakapewa vijiji vya kukaa katika milima iliyouzunguka mji, wakajifunza kukaa na jirani ambao jana yake hawakusikilizana nao hata neno moja. Baada ya muda wakawa na lugha yao wote, iitwayo Krio, iliyochanganya Kiingereza na maneno ya Kiyoruba na ya lugha nyingine. Sisi wenye Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hilo. Twajua jinsi lugha inavyoweza kuwa nyumba ya watu wasiozaliwa nyumba moja.

Katika watu hao ndimo kilimozaliwa chuo. Mwaka 1827 shirika la CMS, ndilo lile lililokuja kuwa na Dr. Krapf Mombasa tangu mwaka 1844, lilianzisha pale shule ya kufundisha waalimu na makasisi wa Kiafrika. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Padre Charles Haensel, Mjeremani. Katika wanafunzi wa kwanza kabisa alikuwamo kijana Myoruba, jina lake Ajayi. Mwaka 1821 mji wa kwao ulivamiwa, naye akakamatwa, akauzwa mkono kwa mkono hata akapakiwa katika merikebu ya Wareno. Mwaka 1822 manowari ya Kiingereza ikaikamata merikebu ile, na kijana akateremshwa Freetown. Alipobatizwa akaitwa Samuel Crowther. Huyu alisoma Fourah Bay, baadaye akafundisha palepale, akaiandika lugha ya kwao, akafasiri Maandiko. Na mwaka 1864 akawekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Kiingereza.

Hata chuo kilipokua, ikatakiwa nyumba kubwa. Mwaka 1845 likawekwa jiwe la msingi la nyumba ya mawe. Aliyeliweka ni gavana wa koloni, William Fergusson, daktari mwenye damu ya Kiafrika, aliyezaliwa katika visiwa vya West Indies. Na mkuu wa chuo siku hizo alikuwa Edward Jones, mtu mweusi aliyezaliwa Charleston, katika South Carolina, nchi ambayo siku hizo watu weusi walio wengi walikuwa watumwa. Jones alisoma katika chuo cha Amherst huko Marekani, akapata shahada mwaka 1826, kisha akavuka bahari kurudi upande walikotoka wazee wake.

Na tutazame siku zenyewe. Mwaka uleule 1845, huku kwetu Seyyid Said alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukataza watumwa wasitolewe katika milki zake za Afrika kupelekwa Arabuni. Na soko la Unguja likaendelea bado miaka 28 baada ya hapo. Marekani nayo ilikuwa na miaka 20 mbele yake kabla ya kuukomesha utumwa. Na wakati huohuo, katika Freetown, walisimama watu wawili wenye asili ya Afrika, mmoja gavana na mmoja mkuu wa chuo, wakaanzisha nyumba ya elimu. Hayo yalitukia kweli, ingawa vitabu vingi tulivyosomeshwa utotoni havikuyataja.

Kuta zilijengwa kwa mawe mekundu ya nchi ileile, yaliyochongwa kwa mikono. Nayo paa, yasimuliwa tangu siku hizo, ilichukuliwa na boriti zilizotengenezwa kwa milingoti ya merikebu za watumwa zilizohukumiwa. Na ya kuwa mahali pale penyewe, miaka 40 kabla yake, palikuwa na kituo cha wauza watumwa. Sasa msomaji ataona kwa nini nilimwomba alishike neno la merikebu kupasuliwa. Mlingoti uliochukua tanga la kuwapeleka watu utumwani ulikatwa, ukachongwa, ukalazwa juu ya ukuta, ukawakinga wanafunzi na mvua. Na mvua ya Freetown si mvua ya mchezo. Wengi katika wanafunzi hao walikuwa wana wa watu waliosafirishwa chini ya milingoti kama ile. Nao walikaa chini yake wakisoma Kilatini na hesabu. Nyumba ilikwisha mwaka 1848.

Hivyo ndivyo ilivyojengwa. Sasa tutazame kilichotoka ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka 1847 alifika Fourah Bay mwalimu mgeni, Padre Sigismund Wilhelm Koelle, Mjeremani, aje kufundisha lugha, na mojawapo ni Kiebrania. Alipotembea mjini na vijijini aliona jambo ambalo wengine walilizoea hata hawakuliona tena: ya kuwa katika koloni lile dogo zilikuwamo lugha za nusu ya bara la Afrika, zimekaa jirani jirani. Mtu ambaye angetaka kuzisikia lugha hizo kwao angehitaji miaka mingi ya safari, na labda asingerudi. Hapa aliweza kuzifuata kwa miguu.

Basi akatengeneza orodha ya maneno na misemo karibu 300: moja, mbili, tatu; baba, mama; kichwa, jicho, mkono; maji, moto, nyumba. Akawaita watu, mmoja mmoja, akawauliza neno lilelile kila mmoja kwa lugha ya kwao, akaliandika kwa herufi za namna moja. Waliomjibu walikuwa zaidi ya watu 200, na lugha walizompa zilipita 100. Kwa sababu aliyesikia na kuandika alikuwa mtu mmoja, kosa la sikio lake likawa moja kotekote, na maneno yaliweza kulinganishwa. Kitabu chake, kiitwacho Polyglotta Africana, kilipigwa chapa London mwaka 1854, na hata leo watu wa elimu ya lugha wanakitumia.

Wasomaji wetu wa kusini na wasikilize hapa. Katika watu waliokaa mbele ya Koelle hawakuwamo Wayoruba na Wahausa na Waibo tu. Walikuwamo na watu wa upande wetu, waliopakiwa katika pwani ya Msumbiji, wakazungushwa kusini mwa Afrika ili wapelekwe ng'ambo ya Atlantiki, wakakamatwa njiani. Kiyao kimo katika kitabu kile, ila Koelle amekipa jina la Muntu. Na mwenye lugha yoyote ya Kibantu halazimiki kuuliza maana ya neno hilo. Kimakua kimo pia, na mahali pamoja kimeandikwa kwa jina la Meto. Basi Myao wa Masasi au Mmakua wa Newala akikifungua kitabu kilichoandikwa kule mbali, katika nchi ambayo babu yake hakupata kuisikia, ataona ndani yake maneno ya nyumbani kwao.

Tena Koelle alifanya jambo jingine, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa. Hakuyaandika maneno peke yake kana kwamba yameanguka kutoka hewani. Aliandika na habari za aliyeyasema: jina lake, mahali alipozaliwa, na jinsi alivyotwaliwa. Huyu alishikwa vitani. Yule aliibwa njiani. Mwingine aliuzwa kwa deni, mwingine kwa hukumu ya baraza, na wako waliouzwa na jamaa zao wenyewe. Mtu ambaye katika merikebu alihesabiwa kama mzigo alipata katika kitabu jina lake na kwao. Mzee mmoja wa Bornu, Ali Eisami, alimsimulia Koelle maisha yake yote kwa Kikanuri, akamwelewesha lugha ile hata Koelle akaiandikia sarufi, iliyotoka mwaka uleule 1854. Kwa desturi twamwita Koelle mwenye vitabu hivyo. Lakini waalimu wake ni hao waliokaa mbele yake wakijibu.

Chuo kikaendelea. Mwaka 1876 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza, na tangu hapo kijana wa Afrika ya Magharibi aliweza kufanya mtihani wa shahada bila kuvuka bahari. Wakaja wanafunzi kutoka Nigeria, Gold Coast na Gambia, na walipokwisha kusoma wakarudi kwao kuwa makasisi, waalimu wa shule na watumishi wa serikali. Mwaka uohuo 1876, huku kwetu, Askofu Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa, wakatoka pwani ya Lindi wakaenda Masasi, na wengi wao walikuwa Wayao na Wamakua. Wa kwao Koelle wakarudi kwao bila yeye kujua.

Sasa nieleze mwisho wa mbao. Vita vya mwaka 1939 vilipokuja, bandari ya Freetown ikajaa merikebu za vita, nyumba ya mawe ikachukuliwa na majeshi, na chuo kikahamishwa bara, mahali paitwapo Mabang. Vita vilipokwisha chuo hakikurudi Cline Town, kilipewa mahali juu ya mlima Aureol. Wakati huo kilikuwa katika hatari ya kupunguzwa daraja, maana mwaka 1945 baadhi ya wajumbe wa tume iliyotumwa na serikali ya Uingereza walishauri kuwe na chuo kikuu kimoja tu kwa koloni zote za Kiingereza za Afrika ya Magharibi, nacho kiwe Ibadan. Watu wa Freetown walipiga kelele, wakakitetea chuo chao, nacho kikabaki. Lakini katika kukitetea chuo, nyumba ilisahauliwa.

Ikawa ofisi kuu ya reli. Baadaye ikawa mahakama. Mwaka 1955 ilitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa, usiobomolewa. Tangazo ni jema, lakini tangazo halipandi juu ya paa kutazama bati lililotoboka. Kila aliyekaa ndani alikuwa mpangaji; hapana aliyekuwa mwenye nyumba. Mwaka 1991 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza katika nchi, na watu waliokimbia makwao wakapata mahali pa kulala katika vyumba vile. Sisemi ya kuwa walikosa kwa kukaa humo; mtu aliyekimbia hulala penye ukuta, na labda kwa kuwapokea wakimbizi nyumba ilirudi katika kazi yake ya asili. Lakini mwaka 1999 nyumba ilishika moto. Sakafu, ngazi na paa vikateketea. Zikabaki kuta za mawe mekundu na madirisha matupu. Mwaka 2012 serikali ya Sierra Leone iliipeleka nyumba hii katika orodha ya mahali inapoomba pahesabiwe kuwa urithi wa dunia.

Basi milingoti ile, iliyookoka baharini, iliyookoka shoka la wapasuaji, ikakaa juu ya wanafunzi kwa miaka mingi, ilikwisha katika muda mfupi. Yale maneno yaliyosemwa na watu wasio na kitu, yakaandikwa kwa wino katika karatasi, yapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa twaona ya kuwa hata mali inapopotea, daftari ikiwapo, habari haipotei.

Sitaki msomaji aseme, "Basi nyumba si kitu, tuandike tu." Sivyo. Kama pasingalikuwa na chuo, Koelle asingefika Freetown, wala wale watu 200 wasingepata mtu wa kuwauliza. Nyumba na daftari ni ndugu wawili, na anayempuuza mmoja humdhulumu wa pili.

Nami nina ungamo langu. Nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha katika shule moja ya zamani, sitaitaja jina. Siku moja nikaona jikoni mpishi anawasha moto kwa karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Nikaokota moja. Ilikuwa ukurasa wa daftari ya kwanza ya wanafunzi: jina la mtoto, jina la baba, kabila, kijiji alikotoka, na kwa watoto wengine neno moja tu mahali pa kijiji, "hakijulikani." Walikuwa watoto waliokombolewa. Nilijua nashika nini mkononi. Lakini mpishi alikuwa mtu mzima, naye aliambiwa na wakubwa azichome, kwa kuwa stoo ilijaa. Mimi nilikuwa mgeni katika kazi, nikanyamaza. Nikaurudisha ukurasa ule juu ya kuni. Imepita miaka mingi, na kila nisomapo habari za moto wa Fourah Bay nauona moto ule mwingine, mdogo, uliopikia uji.

Kwa hiyo nawaomba waalimu wenzangu. Katika shule nyingi za zamani za nchi hizi iko nyumba moja ya kwanza, na kabati moja lisilofunguliwa. Tupande juu ya paa kabla ya masika, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Tufungue kabati, tutoe daftari, tuzianike, tuzinakili. Kisha tumwendee mzee aliye karibu nasi na orodha ya maneno machache, tumwulize: kwenu moto husemwaje, maji husemwaje, nawe ulizaliwa wapi? Tuandike jawabu, na jina lake kando.